Mtoto ni wa nani, au mtoto yu hali gani?

Ndugu msikilizaji, wiki hii natujadili jambo ambalo wengi wetu hulizungumza kwa kunong'ona. Mume na mke wamefikishana mahakamani, wanadaiana talaka, na kila mmoja anataka watoto wakae kwake. Katikati ya shauri mmoja anasimama na kusema: mtoto anaumizwa nyumbani kwa mwenzangu. Je, tumwamini?

Barua moja niliyoletewa kutoka Omurushaka, pale njia panda wilayani Karagwe inapoanzia barabara ya kwenda Nkwenda mpaka Murongo, imeliuliza swali hilo vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Mwandishi wake, ambaye sitamtaja, anasema kwamba huko kwao mama akitoa lalamiko kama hilo huulizwa swali moja tu: "Mbona hukusema mlipokuwa mnaishi pamoja?" Akishaulizwa hivyo mazungumzo yamekwisha, na aliyeuliza huondoka kifua mbele kama wakili aliyeshinda kesi.

Swali hilo halikuzuka juzi. Lina historia ndefu katika mkoa wa Kagera na katika nchi yetu kwa jumla, na mtu akiifuata historia hiyo ataona kwamba kwa miaka mingi mabaraza yetu yalizoea kuuliza "mtoto ni wa nani?" kabla ya kuuliza "mtoto yu hali gani?" Maswali hayo mawili ni tofauti kabisa.

Tuanze mbali kidogo. Speke, yule Mwingereza aliyekuwa akitafuta chanzo cha Mto Nile, alifika Karagwe mwaka 1861 akapokewa kwa ukarimu na Mfalme Rumanyika. Ameandika mengi juu ya ng'ombe, ngoma na desturi za ikulu, na hata alichukua kamba akapima unene wa shemeji ya mfalme! Lakini juu ya watoto wa wazazi walioachana hatupati kitu kwake. Wageni wa namna ile hawakuwa na macho ya kuona mambo hayo.

Aliyeyatazama kwa makini ni Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni. Yeye na J. N. Hartnoll walitoa mwaka 1945 kitabu kizima juu ya sheria za kimila za Wahaya. Wanyambo wa Karagwe watanikasirikia nikiwachanganya na Wahaya, na wana haki, lakini hawatakataa kwamba lugha zao ni ndugu na mila nyingi zinafanana. Katika kitabu hicho mna desturi iitwayo bisisi. Kwa ufupi, mwanamume wa kwanza kulala na mwanamke baada ya ndoa, au baada ya kujifungua, alihesabiwa kuwa ndiye baba wa mtoto atakayefuata, hata kama damu ni ya mwingine. Mwanamke angeweza kuachika, akaolewa kijiji cha pili, akazaa huko, na mume wa zamani akaja kudai mtoto. Mashauri ya namna hiyo yalisikilizwa kwa wakungu na katika mabaraza ya machifu, na wazee walikuwa mabingwa wa kuyapambanua. Waliuliza nani alilala wapi na lini, mahari ililipwa kiasi gani, na kama imerudishwa. Hayo yote ni ushahidi wa kujua mtoto ni wa nani.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba wazee wale hawakuwa na huruma kwa watoto. Mtoto aliyepigwa kupita kiasi alikuwa na bibi, alikuwa na shangazi, alikuwa na wajomba, na mara nyingi alichukuliwa kimyakimya akakae huko hadi hasira zipoe. Lakini hiyo ilikuwa dawa ya nyumbani. Barazani haikuwapo nafasi ya kusema, "Mtoto ni wa baba yake, nakubali, lakini baba yake anamuumiza." Anayekiri sehemu ya kwanza alikuwa amekwisha kushindwa shauri.

Na wanawake walijua hivyo. Watu wazima wa Kagera wanakumbuka simulizi za mabinti na mabibi walioshindwa na ndoa wakaenda Kampala na Nairobi wakati wa ukoloni. Waliochuma walirudi, wakanunua vibanja vyao wenyewe, na vitabu vimeandikwa juu yao. Tumewasema sana wanawake hao, kwa vijembe na kwa nyimbo. Lakini ni mara chache tumeuliza walikwenda wakimwacha nani nyuma. Mwanamke aliyeondoka katika ndoa aliondoka peke yake, au na mtoto wa kunyonya tu, ambaye baadaye angefuatwa. Kwa hiyo mama aliyeona mtoto wake anateswa alikuwa na njia mbili: abaki katika ndoa awe ngao, au aondoke na kumwacha. Tuliokuja baadaye tukiuliza mbona hakusema, tukumbuke kwamba kwa vizazi kadhaa kusema hakukuwa na mahali pa kufikia.

Uhuru ulipokuja, utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na mwaka huohuo serikali ikatangaza rasmi sheria za mila kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba. Kazi kubwa ya kuziandika ilikuwa ya Cory yuleyule, aliyefariki mwaka mmoja kabla. Tangazo hilo lilirudia kanuni ya zamani: watoto waliozaliwa katika ndoa ni wa baba. Ndiyo kusema Mahakama za Mwanzo, ambazo nazo zilianza miaka hiyohiyo, zilirithi swali lilelile la barazani.

Badiliko kubwa lilikuja na Sheria ya Ndoa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 1971. Kabla yake serikali ilitoa mapendekezo yake mwaka 1969 na nchi nzima ikabishana, hasa juu ya ndoa za wake wengi. Kelele zile zilifunika kifungu ambacho mimi nakiona kizito kuliko vyote kwa mazungumzo yetu ya leo. Sheria hiyo inasema kwamba mahakama inapoamua nani akae na mtoto, jambo la kwanza kabisa la kuangaliwa ni ustawi wa mtoto mwenyewe. Matakwa ya wazazi yanafuata, na matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kujieleza, na mila za jamii yao. Mila hazikufutwa, zimesogezwa nyuma hatua kadhaa. Kadhalika, sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, ila kama kuna sababu ya kuonyesha vingine.

Miaka saba imetoka wapi? Masheikh wa pwani watasema huo ndio umri ambao mtoto huhesabiwa kuwa ameanza kupambanua mambo, na katika madhehebu ya Shafii anaweza kuulizwa anamtaka mzazi gani. Waingereza nao wana hadithi yao. Mwaka 1836 mwandishi mmoja wa kike, Caroline Norton, aliyekuwa akipigwa na mumewe, alinyang'anywa watoto wake watatu wa kiume, na sheria ya Uingereza ikamwambia wazi kwamba watoto ni wa baba. Mama huyo alishika kalamu akawasumbua wabunge hadi mwaka 1839 ilipopitishwa sheria ya kumruhusu mama aombe kukaa na watoto wa chini ya miaka saba. Nataja hayo ili wale wanaosema mambo haya ni ya Kizungu wajue kwamba hata Uzunguni, si zamani sana, waliuliza "mtoto ni wa nani?" kama sisi.

Sasa niingie katika lile swali la barua. Sheria yetu ya mwaka 1971 inaorodhesha mambo yanayoweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ukatili umo. Na sheria haikusema ukatili kwa mume au mke pekee. Imetaja pia ukatili, wa mwili au wa akili, unaofanyiwa watoto wa ndoa hiyo. Kwa maneno mengine, sheria yenyewe inamwita mzazi aje mbele ya mahakama ya talaka aseme mtoto anaumizwa. Inashangaza basi kwamba akija na kusema, tunamwona mjanja aliyechagua wakati wa kusema.

Na wakati wenyewe tuutazame. Tuseme kuna mama hapo Omurushaka, ana kigenge cha ndizi na maharage, na mumewe anafanya biashara ya kahawa. Baba anampiga mtoto wa kwanza kwa waya. Mama akisema mle ndani, atapigwa yeye pia. Akikimbilia kwa wakwe, ataambiwa avumilie. Akienda kwao, atarudishwa, maana mahari imekwisha kuliwa. Siku anayotoka katika nyumba ile ndiyo siku ya kwanza anayoweza kusema bila kulala chini ya paa la anayemsema. Aidha, kabla ya kuachana mama alikuwapo nyumbani, na huenda aliweza kuingia kati. Baada ya kuachana mtoto anakwenda kwa baba mwisho wa wiki au likizo nzima, na mama hayupo. Wasiwasi uliokuwa mdogo unakua kwa sababu ya haki. Yaani jambo hilohilo tunalolifanya ushahidi wa uongo, kwamba amesema sasa, linaweza kuwa dalili ya ukweli.

Mfano huo naweza kuugeuza, na nitaugeuza, kwa sababu akina baba nao wananisikiliza. Mtoto anaweza kuwa kwa mama, mama ameolewa upya, na anayemchezea mtoto ni baba wa kambo au mjomba aliyekuja kusoma. Baba akisema, ataambiwa ana wivu na hataki kutoa pesa za matunzo. Nayo ni njia ya kumfunga mtu mdomo.

Je, uongo haupo? Upo, na si haki kuuficha. Katika talaka watu hugombea nyumba, shamba, gari na heshima. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua mwaka 1983, katika shauri maarufu la Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, mashauri ya talaka yamekuwa na mali nyingi zaidi za kugawana, na penye mali pana maneno. Lakini uongo huo ni mwingi kiasi gani? Wenzetu waliokaa wakahesabu wametupa picha. Nchini Marekani, watafiti Thoennes na Tjaden walieleza mwaka 1990 kwamba katika familia zipatazo 9,000 zilizokuwa zikigombania watoto mahakamani, zilizotoa madai ya mtoto kuingiliwa kimwili hazikufika 2 kwa mia. Na katika hayo machache, karibu nusu yalionekana kuwa na ukweli. Nchini Kanada, uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 1998 uliona kwamba taarifa zilizotungwa kwa makusudi zilikuwa 4 kwa mia kwa jumla, na 12 kwa mia palipokuwa na ugomvi wa kukaa na watoto. Uongo unaongezeka penye ugomvi, ndiyo. Lakini 12 kwa mia si 100. Anayewatilia shaka wote kwa sababu ya hao 12 atawaacha watoto wengi mikononi mwa wanaowaumiza.

Hao walikuwa Wamarekani na Wakanada, na mimi sipendi kuvika nchi yetu suruali ya mtu mwingine. Tunayo hesabu yetu juu ya ukubwa wa tatizo lenyewe. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, kwa ushirikiano wa serikali, UNICEF na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Waliopata kupigwa walikuwa karibu robo tatu, wasichana kwa wavulana. Na karibu nusu ya wasichana waliodhulumiwa hawakumwambia mtu yeyote. Kama mtoto mwenyewe hasemi kwa miaka, tunamlaumu vipi mama yake kwa kuchelewa kujua?

Kuna kisa kimoja cha Marekani ambacho sichoki kukifikiria. Daktari mmoja wa upasuaji, Elizabeth Morgan, alidai kwamba mume aliyeachana naye alikuwa akimharibu binti yao mdogo. Mume alikana kabisa, na hakuwahi kushtakiwa wala kutiwa hatiani. Mahakama ya Washington ikaamuru mtoto aende kwa baba kwa matembezi. Mama akamficha mtoto, akakataa kusema yuko wapi, na mwezi Agosti 1987 akatiwa gerezani kwa kudharau mahakama. Alikaa humo zaidi ya miaka miwili, hadi Bunge la nchi hiyo likatunga sheria ya kuweka kikomo kwa kifungo cha namna hiyo, akatoka Septemba 1989. Mtoto akaonekana mwaka uliofuata huko New Zealand, akiwa na babu na bibi yake. Bunge likaingilia tena mwaka 1996 kumsaidia mama, na mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikasema sheria hiyo ilimwadhibu baba bila hukumu. Watu wazima walishindana kwa miaka 16! Kwa maoni yangu ubaya wa kisa kile ni kwamba madai mazito juu ya mtoto yalifanywa tawi la ugomvi wa talaka, yakasubiri foleni pamoja na vikao vya matembezi na gharama za mawakili, badala ya kushughulikiwa upande wake, mapema, na watu wenye utaalamu.

Hapo ndipo naona sheria zetu, zikitumiwa, zimetupa nafasi. Mwaka 1998 Bunge letu lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, nayo ikaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiwa mahakama imeridhika kwamba mtoto anasema kweli. Kabla ya hapo neno la mtoto lilitafutiwa mwenzake wa kuliunga mkono, na makosa haya hayatendwi mbele ya mashahidi. Marekebisho ya mwaka 2016 yakaongeza kwamba mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi tu kusema kweli na si uongo. Katikati yake imekuja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtaka mwananchi yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke kwa serikali ya mtaa au halmashauri ya mahali pake. Sheria haikusema "isipokuwa kama wazazi wanaachana."

Basi mambo mawili yaende kila moja kwa njia yake. Shauri la talaka liende kwenye baraza la usuluhishi na mahakama, na lalamiko la mtoto liende kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, siku hiyohiyo, bila kungoja tarehe ya kesi. Mtoto aliyeumizwa apate fomu ya PF3 na apelekwe hospitali mapema, maana mwili husahau kabla ya moyo. Namba 116 ya msaada kwa watoto inapigwa bure. Na wewe mzazi, andika tarehe na maneno aliyosema mtoto kama alivyosema, kisha uache. Usimhoji kila jioni, wala usimfundishe la kusema. Mtoto aliyekaririshwa hujulikana, na akijulikana, hata ukweli alionao hautasikilizwa tena.

Nina neno pia kwa wazee wa mabaraza ya usuluhishi. Sheria inawataka wanandoa wapite kwenu kabla ya kwenda mahakamani, isipokuwa katika hali chache. Ninyi mnakaa mtaa mmoja na wahusika, mnasali pamoja, pengine mmetoka ukoo mmoja. Mama au binti wa miaka tisa hawezi kusimulia mambo ya chumbani mbele ya watu saba anaokutana nao sokoni kila gulio. Kazi yenu ni kusuluhisha ndoa. Mkisikia dalili ya mtoto kuumizwa, andikeni na mpelekeni kwa afisa ustawi wa jamii, msianze kutafuta suluhu ya mbuzi na debe la lubisi. Nchi hii imekwisha kuona mila za Kagera zikipimwa mahakamani. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, huko Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi sawa na mwanamume, ingawa mila ilikataa. Kama mila inaweza kusogezwa kwa ajili ya shamba, kwa mtoto ni zaidi.

Na anayeogopa kwamba mahakama ikikosea leo imekosea milele, aondoe hofu. Amri ya nani akae na mtoto si kama hati ya nyumba. Sheria ya Ndoa inairuhusu mahakama kuibadilisha au kuifuta wakati wowote, mtu mwenye kuhusika akiomba, ikiwa hali imebadilika sana au ikiwa amri ilitolewa kwa maelezo ya uongo. Aliyesingiziwa anaweza kurudi na kuomba watoto wake. Aliyedanganya anaweza kushtakiwa, maana kumpa mtumishi wa serikali taarifa ya uongo ni kosa la jinai. Na mama aliyenyimwa mwaka jana kwa sababu hakuwa na cheti cha daktari anaweza kurudi Kayanga mwaka huu akiwa nacho, na hakimu akalifungua faili upya.